Bibi apewe mboga, si mchuzi

Wazee wengi mkoani Mara wanakula ugali na mchuzi. Uliza samaki yuko wapi, utaambiwa watoto wamemmaliza. Uliza mboga za majani, utaambiwa zilikuwa kidogo. Miaka inakwenda kwa sahani ya namna hiyo, kisha bibi anaanza kupapasa ukuta jioni akitafuta mlango, na nyumba nzima inakubaliana kwamba huo ni uzee.

Hilo tumelisikia vya kutosha. Uzee una mambo yake, na macho kuchoka ni mojawapo. Lakini uzee haukumnyima bibi dagaa. Tumemnyima sisi, tena bila ubaya wowote, kwa mazoea tu. Babu mwenye mji wake bado anapelekewa kipande kizuri kwa heshima. Anayeumia zaidi ni bibi mjane anayelala nyumba ya nyuma, anayepakuliwa mwisho, na ambaye mwenyewe anasema ameshiba ili wajukuu wale. Akisema ameshiba, msimwamini.

Kinachokera ni kwamba chakula cha macho kiko mlangoni. Nenda Mwigobero pale Musoma, uone dagaa wanavyouzwa. Nenda Kibara au Guta, wilayani Bunda, kwenye Ghuba ya Speke, ni vivyo hivyo. Butiama wako mbali kidogo na maji, lakini dagaa wakavu wanafika kila mnada. Na nyuma ya jiko lolote katika wilaya hizo, mvua ikinyesha, mgagani unaota bila kupandwa, majani ya maboga yanatambaa, kunde na matembele vipo. Watu wa mikoa mingine wangetuonea wivu.

Tuanze na dagaa, kwa sababu ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Anaitwa chakula cha kuku, na kweli sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria inaishia viwanda vya chakula cha mifugo. Kuku anafaidi. Samaki huyu analiwa mzima, kichwa, macho na ini, na huko ndiko vitamini A inakokaa. Retina, yaani ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haiwezi kutengeneza kemikali yake ya kuonea gizani bila vitamini hiyo. Dagaa ana madini ya zinki pia, na zinki ndiyo inayosaidia kuitoa vitamini A kwenye ini la mtu na kuifikisha machoni. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na biashara hiyo ina faida yake. Lakini kwa jicho la mzee, mnofu ule mweupe hauoni ndani kwa kikombe cha dagaa.

Kisha majani. Katikati ya retina kuna doa dogo la njano, na hilo ndilo tunalotumia tukisoma, tukichambua mchele au tukitazama uso wa mtu. Unjano ule unatokana na rangi mbili, luteini na zeazanthini, ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza hata kidogo. Lazima zitoke kwenye chakula. Zimejaa kwenye majani ya kijani kibichi kilichokolea, zipo kwenye kiini cha yai, zipo kwenye mahindi ya njano. Wazee wanakumbuka unga wa njano wa msaada miaka ya shida, ule uliobatizwa unga wa Yanga. Watu waliudharau kwa sababu ya rangi, na rangi hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa na jicho. Ugali wa muhogo au wa mahindi meupe unashibisha na unatia nguvu, na hatuna ugomvi nao. Ila kwa macho karibu hauna kitu. Unahitaji mwenzake.

Na mwenzake ahitaji mafuta. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea hata zinapopika vizuri. Mchicha unachemshwa kwa maji na chumvi, basi, kwa imani kwamba mzee hatakiwi kula mafuta. Rangi za kwenye majani na vitamini A haziyeyuki kwenye maji. Zinayeyuka kwenye mafuta, na bila mafuta nyingi zinapita tumboni na kutoka kama zilivyoingia. Jicho ni kama karabai ya mvuvi: pampu utakavyo, bila mafuta haliwaki. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kinatosha, au karanga za kusaga, au maziwa yasiyoenguliwa ukiwa mfugaji. Hatusemi mboga ielee kwenye mafuta.

Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yaive upesi, na maji yake yasimwagwe. Anayekausha kwa ajili ya kiangazi aanike kivulini, maana jua kali linaua kile tunachokitafuta.

Sasa visingizio.

Cha kwanza ni hela. Hatudharau umaskini, na tunajua mwezi ukiwa mkubwa nyavu za dagaa zinapumzika na bei inapanda. Lakini mara nyingi fungu la mchicha ni bei ndogo kuliko soda, na soda tunazinunua. Mgagani ni wa bure. Mbegu za maboga zipo humo ndani ya boga ulilokula jana.

Cha pili kinatuchosha zaidi: bibi hana meno, na dagaa wana mchanga. Yote mawili ni kweli. Ndiyo maana kuna kinu. Dagaa wapembuliwe, waoshwe kwa maji ya moto mara mbili, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke kabisa, watwangwe, wachekechwe. Unga ule unawekwa kwenye chupa yenye mfuniko, na kila siku vijiko viwili vinaingia kwenye mchuzi wa bibi au kwenye mboga yake. Hakuna mfupa wa kumkwama wala mchanga wa kusaga ufizi. Akina mama wamekuwa wakiwafanyia watoto wanaoachishwa ziwa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Kwa nini mtu wa miaka 75 asiye na meno asifanyiwe kile anachofanyiwa mtoto wa miezi minane asiye na meno? Swali hili hatujapata wa kulijibu.

Na kuhusu mchanga, wachuuzi na wavuvi nao wasikilize. Dagaa wanaoanikwa kwenye vichanja hawana mchanga, wanakauka haraka na wanapata bei nzuri. Jambo hili limefundishwa mialoni miaka nenda rudi. Bado tunaanika chini, tunapopita mbuzi.

Cha tatu ni cha watoto walioko Mwanza, Dar es Salaam na nje ya nchi. Wanatuma vidonge. Kopo la virutubisho vya macho linafika Bunda kwa basi, limegharimu fedha ambayo ingenunua dagaa wa miezi, na bibi anameza kwa ugali na mchuzi. Vidonge hivyo havikutoka hewani. Marekani walifanya utafiti mkubwa, matokeo yake yakatolewa mwaka 2001, ukionyesha kwamba vitamini C, vitamini E, betakarotini na zinki kwa kipimo kikubwa vinapunguza kwa takriban asilimia 25 uwezekano wa ugonjwa wa lile doa la njano kufikia hatua mbaya. Lakini waliofaidika ni watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa huo wa kiwango cha kati au cha juu. Kwa mtoto wa jicho havikusaidia. Utafiti wa pili, wa mwaka 2013, uliiondoa betakarotini na kuweka luteini na zeazanthini, kwa sababu betakarotini ya vidonge iliongeza saratani ya mapafu kwa waliowahi kuvuta sigara. Kwa hiyo kidonge cha aina hiyo ni cha kuagizwa na daktari aliyetazama ndani ya jicho. Ukiwa Dar es Salaam na unampenda mama yako, mtumie jirani hela ya dagaa na ya mafuta, na upige simu kuuliza amekula nini. Usimuulize kama amekula.

Dawa za matone zinazouzwa mkononi stendi, na majani ya kukamuliwa machoni, hayo hatuyajadili. Yanaunguza kioo cha jicho. Yaachwe.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, navyo vinasubiri tu kupandwa. Watafiti wa Ukiriguru, jirani zetu wa Mwanza, wamevifanyia kazi kwa ajili ya kanda yetu hii ya Ziwa. Ni laini, havihitaji meno, vina vitamini A ya kutosha ndani ya kiazi kimoja cha wastani kwa siku nzima. Mkulima wa Butiama mwenye tuta la viazi vyeupe ana kila sababu ya kuongeza tuta moja la rangi ya chungwa. Maembe na mapapai yakiwapo, mzee apewe yeye kabla hayajapelekwa sokoni.

Tukumbuke na sukari. Kisukari kinaharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho taratibu, bila maumivu, na mtu anagundua wakati umekwenda. Mzee mwenye kisukari akila mlima wa ugali na mchuzi, akanywa chai ya vijiko vinne, anayapiga macho yake mara mbili: anayanyima chakula na anayaongezea sumu. Nusu ya ugali ule ikiondoka na nafasi yake ikajazwa mboga, yote mawili yanapungua kwa mkupuo mmoja. Sigara nayo ni adui wa macho, wa lile doa la njano na wa lenzi pia.

Mahali tunapotaka kueleweka vizuri ni hapa. Chakula hakiondoi mtoto wa jicho. Lenzi ikishapata ukungu, hakuna mgagani wala dagaa wa kuisafisha. Dawa yake ni upasuaji mfupi wa kutoa lenzi iliyochakaa na kuweka nyingine. Presha ya macho inahitaji matone ya hospitali na haisubiri. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa wasiopungua bilioni moja kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Kuna wazee wa Mara ndani ya hesabu hiyo, wamekaa vibarazani wakiambiwa ni uzee.

Serikali nayo ina la kufanya, na si geni kwake. Mwaka 1973 nchi hii ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huo huo redio ilikusanya watu katika vikundi kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Waliokuwa vijana wakisikiliza redio zile chini ya miti ndio bibi na babu tunaowazungumzia leo. Somo walilipata; sahani ndiyo imewapotea. Mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa walianza kuisaini mwaka 2017 inazitaka halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni jambo jema na lisiguswe. Lakini maofisa lishe wa Musoma, Bunda na Butiama wanaweza kumzungumzia mzee bila kumnyang'anya mtoto hata senti. Siku ya kliniki ya kisukari na presha wazee wamekaa kwenye benchi kwa saa nyingi. Wapewe somo la unga wa dagaa hapo hapo, kwa Kijita, Kizanaki, Kikurya au Kijaluo kama Kiswahili hakiwaingii vizuri, na wakwe zao wanaowasindikiza wasikie. Siku ya malipo ya TASAF kwa kaya maskini, vivyo hivyo.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo. Dirisha la wazee hospitalini lisiwe kibandiko ukutani. Likiwa limefungwa, mganga mkuu wa wilaya aulizwe.

Lakini dagaa hawasubiri halmashauri. Anayepakua chakula cha jioni nyumbani ndiye mwenye kauli, na kauli yake ni rahisi: sahani ya bibi ipakuliwe pamoja na za watoto, mboga za majani nusu yake, unga wa dagaa juu, kijiko cha mafuta ndani. Na kama tayari anaona ukungu, au anajikwaa giza likiingia, mpakulie hivyo hivyo leo, na ndani ya wiki hii mpeleke hospitali akapimwe macho yote mawili.