Kitufe chekundu kisiwe pambo

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji umejaa majengo mapya, na kila jengo linataka milango na makabati. Mashine ndogo ya kuchonga mbao kwa kompyuta, inayoweza kuundwa mezani kwa bodi ya Arduino na programu ya bure ya Grbl, ni kishawishi kikubwa kwa seremala. Mara nyingi mashine hiyo huwa na kitufe chekundu cha dharura, chenye kichwa kama uyoga. Mnunuzi hukiona, akaridhika.

Asiridhike upesi.

Grbl isipobadilishwa hutarajia swichi iliyo wazi: kitufe kikibonyezwa, nyaya mbili hugusana na bodi hupata amri ya kusimama. Waya ukichomoka kwa mtikisiko, au panya akiutafuna, bodi haijui lolote. Kitufe kitabonyezeka vizuri tu, na mashine itaendelea kuchonga. Kitufe cha dharura kinapaswa kufungwa kinyume chake: nyaya ziwe zimegusana muda wote, ziachane kinapobonyezwa. Hapo waya ukikatika mashine husimama yenyewe, na fundi hujua kuna hitilafu kabla hajaumia.

Ukaguzi wake hauhitaji mtaalamu wa mbali. Fundi huchomoa plagi, hufungua kiboksi na kutazama nyuma ya kitufe. Kwa kawaida kipande chekundu chenye namba 1 na 2 ndicho kinachohitajika. Cha kijani chenye 3 na 4 ni cha kuwashia. Ncha za mita ya kupima umeme, ikiwa kwenye sehemu ya mlio, ziguse namba 1 na 2: mita ilie kitufe kikiwa huru, inyamaze kikibonyezwa. Isiponyamaza, huenda kipande hicho kimechomoka kwenye kichwa cha kitufe, kasoro ambayo kwa mbele haionekani kabisa.

Kero nyingine ni mashine kusimama ovyo katikati ya kazi. Mara nyingi nyaya za kitufe zimelegea, au zimefungwa pamoja na za mota na kuokota mawimbi yake. Dawa ni kuzikaza, kuzitenga na kutumia waya wenye kinga. Fundi aliyechoka huunga dairekti, akakiruka kitufe. Huo ni uzembe, hata kama oda ya mteja imechelewa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mota ya kisu. Katika mashine nyingi za aina hii mota hiyo huchomekwa ukutani peke yake. Bodi ikisimama, meza hutulia, lakini kisu huendelea kwa mizunguko 10,000 hadi 30,000 kwa dakika. Umeme ukikatika na kurudi, huwaka chenyewe, pengine mkono wa fundi ukiwa chini yake. Kontakta moja, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyofungwa na fundi umeme ili kitufe kikate umeme wa mota na usirudi mpaka mtu awashe, humaliza tatizo hilo.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, na Dodoma ina chuo cha ufundi stadi cha VETA. Somo hili lifundishwe kwa vitendo, hata kwa seremala ambaye hajawahi kushika mita.

Na wewe unayetaka kununua, mwambie muuzaji azime mashine, atoe kisu, achomoe waya mmoja wa kitufe, kisha awashe. Ikikubali kufanya kazi, usilipe.