Danzi Linaoza, Chupa Yatoka Milano

Mimi sinywi. Natanguliza hilo mapema asije mtu akasema nimeandika nikiwa nimelewa. Lakini mwanzoni mwa 2024 nilikuwa nyuma ya kaunta ya hoteli moja huku kwetu Mangapwani, nachanganya nisivyovionja, na niliyoyaona pale yamenikaa rohoni.

Kulikuwa na kokteli kwenye orodha, jina lake negroni ya Kizanzibari. Negroni yenyewe haina siri: jini (la chupa, si lile la pangoni), Campari na vermuti nyekundu, vipimo sawasawa, barafu, koroga, ganda la chungwa juu. Utamu unatangulia, uchungu unafuatia. Wataliano husimulia kuwa mwaka 1919, mjini Firenze, bwana mmoja Camillo Negroni aliichoka soda katika kinywaji chake, akataka atiliwe jini mahali pake. Na hii ya Zanzibar je? Ni ile ile, bwana wee! Tofauti ni punje moja ya karafuu inayoelea juu ya barafu kama nzi. Kwa punje hiyo bei ikapandishwa.

Sina ugomvi na kubadilisha. Negroni ilizaliwa kwa kubadilishwa, na huko Milano wanayo nyingine wanayoiita ya kukosea, iliyotiwa mvinyo wa mapovu badala ya jini, nayo inanyweka. Lakini kubadilisha ni kazi. Ukitaka kukigeuza kinywaji hichi kiwe chetu, gusa pale penye roho yake, kwenye uchungu.

Na uchungu tunao tele! Nyuma ya jiko la hoteli ile ile upo mdanzi. Madanzi yakianguka hufagiliwa pamoja na majani. Watoto wa siku hizi wanalijua danzi? Lile chungwa lisilolika, kali, chungu, ambalo ukilikwaruza ganda tu harufu inajaa nyumba nzima.

Nilikusanya ndoo moja nikaenda kujaribu kwa bibi, kwenye sufuria ya chai. Menya ganda, usiondoe ngozi nyeupe yote, maana uchungu wenyewe umo humo. Maji, sukari, ukwaju kidogo upate rangi. Karafuu tatu, basi. Karafuu ina choyo, ikizidi ulimi unakufa ganzi, muulize aliyewahi kuumwa na jino. Chemsha mpaka iwe shira nyepesi, chuja. Bibi aliitia maji ya baridi akanywa, akasema haina chumvi. Kwenye kaunta nikapima jini kipimo kimoja, shira kimoja, vermuti nusu tu, kwa sababu shira ina sukari yake tayari. Wageni wawili walikunywa, wakaagiza tena.

Bosi akanambia: “Wageni wanataka chupa wanayoijua.”

Wanayoijua! Miezi ile ile leseni za waagizaji zilibadilishwa, vileo vikaadimika visiwani, na sisi tukawa tunawaomba radhi wageni kwa kukosa chupa nyekundu ya Italia. Nakubali, jini nalo linakuja kwa boti. Lakini uchungu wa gilasi ile ulikuwa umelala chini ya mti, hatua ishirini kutoka kaunta, unaoza.

Wapo wa upande wetu watakaouliza: kijana wa Kiislamu, ulevi wakuhusu nini? Swali la haki. Ila chupa sie ndio tunaozifungua, gilasi sie ndio tunaoziosha, harufu tunarudi nayo nyumbani. Mikono yetu imeshaingia humo zamani. Kilichozuiliwa mlangoni ni akili yetu tu. Shira ya danzi haina kileo hata tone, mtu aweza kufuturia. Anachokichanganya mgeni ni chake na Mola wake. Najua shekhe wangu hatatosheka na jibu hilo, na sina jingine.

Na ile karafuu, khasa, ndiyo iliyoniudhi zaidi. Wageni walikuwa wakiletwa kwetu moja kwa moja kutoka Chumba cha Watumwa, kile kilichochongwa ndani ya jiwe la matumbawe ili biashara iendelee kwa siri baada ya soko la mjini kufungwa mwaka 1873. Wanafika wamenyamaza, nyuso zimewashuka. Dakika kumi baadaye nawakabidhi gilasi na kuwaambia, kama nilivyofundishwa, kuwa karafuu ni harufu ya kisiwa chetu. Aliyeipanda ni nani? Mashamba ya enzi ya Sayyid Said yalilimwa na watu wa namna ile ile waliofungiwa mle. Kisha leo karafuu iwe pambo! Iacheni ichemke, iingie ndani, mnywaji aione ilivyo kali, au itoeni kabisa.

Kazi nimeshaiacha. Mdanzi ungali pale, na bibi sufuria yake ameisugua. Kila nikipita ananiuliza sukari ataleta nani.