Mise à jour ni lazima, lakini saa ichaguliwe na mwenye kompyuta

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, mega hununuliwa kwa siku, kwa juma au kwa mwezi, na zikiisha mtu hutoa pesa tena. Kwa hiyo kompyuta inayojiamulia kupakua programu mpya haimpotezei mwenyewe muda tu. Inatumia pesa yake bila kumuuliza.

Wengi wanaijua hali hiyo. Mwanafunzi anaunganisha kompyuta na simu yake ili amtumie mwalimu TFC. Kabla kazi haijafika, mega zimekwisha, kwani Windows ilikuwa ikipakua mise à jour kimyakimya. Kwenye vibanda vya kuchapisha, mteja anangojea karatasi zake huku kioo kikionyesha asilimia 30 na onyo kwamba mashini isizimwe. Umeme ukikatika saa hiyo na betri ni mbovu, kompyuta inaweza kukataa kuwaka tena.

Tatizo halikuanzia hapa. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft iliamua kwamba mise à jour zijiingize zenyewe. Katika toleo la Home, linalowekwa kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, mtumiaji hakupewa njia rahisi ya kukataa. Ni mwaka 2019 tu ndipo aliporuhusiwa kuzisimamisha, tena kwa siku zisizozidi 35. Mpango huo unamfaa mtu mwenye intaneti isiyopimwa na umeme usiokatika.

Jirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati waliyaona hayo mapema. Mwaka 2016, mradi wa kulinda wanyama wa Chinko ulilalamika hadharani kwamba kompyuta yake ilianza kupakua Windows 10 yenyewe, kwa intaneti ghali ya setilaiti. Kompyuta hizo ndizo zilizotumiwa kuongoza walinzi wanaokabiliana na majangili wenye silaha.

Hata hivyo, kuzima mise à jour moja kwa moja, kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, ni kuacha mlango wazi usiku. Mwezi wa tatu 2017, Microsoft ilitoa mise à jour iliyoziba tundu moja la Windows. Miezi miwili baadaye, kirusi WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo. Kilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200 000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai malipo. Waliokuwa wameweka mise à jour hiyo walikuwa na kinga.

Njia ya kati ipo. Katika mipangilio ya Wi-Fi, mtumiaji anaweza kuonyesha kwamba mtandao wake ni « connexion limitée ». Hapo Windows huahirisha sehemu kubwa ya upakuaji. Kisha achague siku yake: mise à jour kuu za Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, basi siku ya posho inayofuata, umeme ukiwepo na betri ikiwa imejaa, azipakue kwa hiari yake. Ofisini, kompyuta za mtandao mmoja zinaweza kupeana kile ambacho moja imekwisha kupakua. Lakini mpangilio huo usiachwe wazi kwa intaneti nzima, la sivyo mega za ofisi zitawahudumia watu wasiojulikana.

Vyuo vinavyofundisha informatique vingefanya vyema kuonyesha mambo haya katika juma la kwanza la masomo. Wauzaji wa kompyuta za okazioni nao wawaambie wateja ukweli: Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, na mashini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mnunuzi ana haki ya kujua hayo kabla ya kulipa.

Lakini mzigo huu usiachiwe mtumiaji peke yake. Kampuni inayotengeneza programu inajua ukubwa wa kile inachotuma. Itaje uzito huo kwanza, iulize, ingoje jibu. Fundi anayekuja kutengeneza mlango wa nyumba hupiga hodi, hata kama mlango ni mbovu kweli.