Wingi wa viti huanzia kwenye mizani

Ningependa kutoa maoni yangu machache kuhusu jambo linalozungumzwa sana siku hizi, yaani chama cha siasa hupataje viti vingi bungeni, na baada ya kuvipata huvipotezaje. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Usukumani, nina umri wa miaka thelathini na sita. Chuo cha ualimu kilinifundisha hesabu na historia, hakikunifundisha siasa. Lakini naona jambo hili linahitaji hesabu na historia zaidi kuliko hotuba.

Katika chumba chetu cha walimu mabishano yalianza mwaka 2024. Mwezi Mei mwaka huo ANC ya Afrika Kusini, chama kilichowatoa watu wake utumwani, kilipata viti 159 kati ya 400, baada ya kupata 230 mwaka 2019. Kwa mara ya kwanza tangu 1994 kikalazimika kutafuta wa kushirikiana naye. Mwezi Oktoba ikafuata Botswana. BDP, kilichotawala tangu 1966 bila kukatika, kiliambulia viti vinne tu kati ya viti 61 vinavyopigiwa kura, na UDC kikachukua 36. Walimu wenzangu wakatoa sababu zao. Mmoja alisema ni ukosefu wa ajira, mwingine akasema ni vijana na simu zao, wa tatu akasema ni uchovu tu, mtu huchoka hata na chakula kizuri.

Mimi niliwaambia kwamba yote hayo yanaweza kuwa kweli, lakini tunaanza hesabu katikati. Kabla ya kuuliza chama kimepotezaje wingi, tuulize kwanza kiliupataje. Na kwa kuwa mambo ya ugenini tunayasikia redioni tu, tutazame ya nyumbani tunayoyajua.

Vitabu vya shule vinatueleza habari za Kura Tatu. Mkoloni, alipoona TANU iliyozaliwa Julai 7, 1954 inakua kama moto wa kiangazi, alitunga sheria ya uchaguzi yenye mitego. Mpiga kura ilibidi awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Wakulima walio wengi wakabaki nje. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na asiyefanya hivyo kura yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Kwa hiyo watu wachache sana wa rangi mbili walipewa theluthi mbili ya viti vya kuchaguliwa. Sheria hiyo ilikuwa dhuluma, hakuna neno jingine.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora. Wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwaonyesha hesabu. Tukisusia, viti vyote vitachukuliwa na UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, na wao ndio watakaotutungia sheria zinazofuata. Lakini tukiingia, mtego utamnasa aliyeutega. Katika majimbo mengi Waafrika ndio walikuwa wengi kwenye daftari, na kila mmoja wao alilazimishwa kumpigia kura Mzungu na Mwasia. Basi Mzungu na Mwasia atakayeshinda ni yule atakayekubaliwa na Waafrika. TANU ikawaunga mkono watu wa rangi zote waliokubaliana na madai yake, kama Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na uamuzi huo, akaondoka na kuunda chama chake. Septemba 1958 majimbo matano yalipiga kura, na viti vyote 15 vilikwenda kwa watu waliokuwa wakiungwa mkono na TANU. Februari 1959 majimbo matano yaliyobaki yakafuata njia ile ile. UTP ikafa kifo cha kimya.

Habari hiyo inajulikana, na wanasiasa huipenda kwa sababu inaonyesha ujanja wa viongozi. Lakini ndugu Mhariri, ujanja peke yake haushindi uchaguzi. Wale wapiga kura wachache wenye darasa la nane walikuwa makarani na walimu, watu wa mshahara wa serikali ambao walikatazwa hata kuwa wanachama wa TANU. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi aache kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955. Kwa nini watu hao waliipigia kura TANU? Na TANU ilipataje nguvu huku kwetu, ilhali katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa ilizuiwa kufungua matawi tangu 1954 mpaka 1958?

Jibu langu nililipata kwa marehemu babu yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa. Yeye alikuwa akilima pamba. Aliniambia kwamba alipokuwa kijana, gunia lilipofika kwa mnunuzi lilipungua uzito kana kwamba njiani limeliwa na fisi. Wakulima hawakuwa na chama cha siasa. Walichofanya ni kuweka watu wao wenyewe, waliojua kusoma namba, wasimame kwenye mizani na kupima upya. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya ushirika, na chini ya uongozi wa kijana Paul Bomani vikaungana mwaka 1955 katika muungano mkubwa wa VFCU. Mtu aliyeponywa gunia lake na ushirika hakuhitaji kuhubiriwa maana ya umoja. TANU iliporuhusiwa kurudi ilikuta shamba limekwisha kulimwa.

Wala si pamba tu. Upare katika miaka ya 1945 na 1946 maelfu ya watu walikwenda kukaa Same, bomani, wakipinga kodi ya mbiru, na wanawake nao wakaandamana, mpaka kodi hiyo ikaondolewa. Geita mwaka 1958 watu waliandamana hadi Mwanza kulikataa baraza la mseto walilowekewa bila kuulizwa, wakapigwa mabomu ya machozi, lakini baadaye serikali ikaacha kuwalazimisha watu mabaraza ya namna hiyo. Haba na haba hujaza kibaba. Kila ushindi mdogo uliwafundisha watu kwamba mkubwa naye anaweza kurudi nyuma. Watu waliokwisha kujifunza hivyo hawanunuliki kirahisi siku ya kura.

Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo bila kupingwa. Hapa ndipo wasomaji wengi hufunga kitabu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu tukitazame kile kiti kimoja. Kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha mtu wake, lakini wananchi wa pale wakamchagua Herman Sarwatt, naye ni mwana TANU, aliyesimama peke yake bila idhini ya chama. Hata katika mwaka ule ambao chama kilipendwa kuliko wakati wowote, wananchi hawakukubali kuchaguliwa mtu.

Na liko jambo jingine. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa chama kimoja, mawaziri walianguka, na mmoja wao alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani, yule yule wa ushirika, na alianguka huku huku kwetu Mwanza. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya, la hasha. Nasema tu kwamba wapiga kura hawakumlipa tena kwa kazi ya miaka kumi nyuma.

Sasa nitoe mfano wa kijijini kwangu, maana babu alinirithisha shaka yake. Msimu wa pamba wa mwaka 2023 wazazi wa wanafunzi wangu walilalamika kwamba mizani ya mnunuzi inapunja. Malalamiko yalipelekwa ngazi hii na ile, tukaambiwa tuwe na subira. Siku moja mama mmoja mjane alikuja kituoni na mfuko wa saruji wa kilo 50, umefungwa kama ulivyotoka kiwandani, akauomba uwekwe juu ya mizani. Ikasoma kilo 46. Karani akasema saruji imekauka. Watu wakacheka. Ukaletwa mfuko mwingine kutoka duka jingine, nao ukasoma 46. Kesho yake darasani tulifanya hesabu hiyo: mkulima aliyeleta kilo 500 alilipwa kilo 460. Watoto wakaenda na jibu hilo nyumbani.

Wakulima walikataa kuuza kwa siku mbili, kwa utulivu, bila kumtukana mtu. Siku ya tatu mizani ikabadilishwa. Fedha zilizokwisha kupotea hazikurudi, lazima niseme kweli. Lakini mkutano mkuu wa kijiji uliofuata ulijaa watu kuliko nilivyowahi kuona, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa yote, mstari kwa mstari, kwa sababu watu walikataa kuondoka.

Mwaka 2025 wagombea walikuja kijijini na fulana, kofia na muziki. Yule mama aliinua mkono akauliza: mheshimiwa, una mpango gani na mizani? Mgombea akajibu kwamba barabara itawekwa lami. Sitaji chama chake, kwa sababu sina hakika kama wa chama kingine angejibu tofauti.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo ninapoona ugonjwa uliowakumba wenzetu wa kusini, na ambao chama chochote, kikubwa au kidogo, hakina kinga nao. Chama hushinda kwa kusimama kwenye mizani pamoja na mkulima, kisha kikishapata wingi wa viti hudhani wingi huo ni mali yake, kama ng'ombe aliyekwisha kulipiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vyama vinavyotaka kuchukua nafasi yake navyo hukosea kwa upande wa pili. Huja miezi mitatu kabla ya kura na hotuba kuhusu ikulu, hali hawajawahi kumsaidia mtu kudai hata kilo nne zake.

Wako pia wanaoutumia mkutano wa Tabora kama fimbo ya kuwapigia wanaosusia uchaguzi, wakisema waigeni wazee. Nami nauheshimu uamuzi wa wazee, lakini tuusome wote. Ulizaa matunda kwa sababu wapiga kura walikwisha kuandaliwa kwa miaka mingi, na kwa sababu nyingine ambayo watu huiruka: mkoloni alitunga sheria ya dhuluma, lakini masanduku yalipofunguliwa alitangaza kilichokuwamo, ingawa kilimuumiza. Hesabu ya Mwalimu isingefaa kitu kama namba zingebadilika usiku. Kwa hiyo anayemhimiza mwenzake aingie uchaguzini ana wajibu wa kumhakikishia sanduku, kama vile anayetuhimiza tulime pamba ana wajibu wa kutuhakikishia mizani. Sanduku la kura nalo ni mizani. Mtu akipunjwa mara moja hunung'unika, akipunjwa mara tatu huacha kulima.

Kwa wananchi wenzangu nasema, tusingoje mwaka wa uchaguzi. Sheria ya serikali za mitaa imetupa mkutano mkuu wa kijiji. Twende, tuulize, tusikilize, tuandike. Mjumbe aliyezoea kuulizwa habari za kisima na madawati hatashangaa akiulizwa habari za bajeti ya taifa. Na viongozi wetu wakitaka kujua watapata viti vingapi siku zijazo, wasiwaulize wapambe wao. Waje wakati wa msimu, bila fulana, wasimame kituoni na mfuko wa saruji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Usukumani.