Toeni Wembe Wodini

Wembe hauna kazi tena katika kumwandaa mgonjwa. Hauna kazi kabla ya upasuaji, wala kabla ya mama kujifungua. Yeyote anayeendelea kuushika wodini, iwe Garissa, Wajir au Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa jina la usafi, anamdhuru mtu aliyeapa kumhudumia. Nalisema waziwazi kwa sababu aibu imelifunika jambo hili muda mrefu mno. Nywele za kinena, za kwapa, za kifua: nani atazitaja hadharani? Wote wakinyamaza, anayeumia ni mgonjwa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Mwongozo huo hauna utata. Nywele ziachwe zilivyo. Ikilazimu kabisa ziondolewe, zipunguzwe kwa mashine ya kukatia nywele. Kunyoa kwa wembe kunapingwa vikali wakati wote, iwe wodini au ndani ya chumba cha upasuaji. Mwaka 2018 shirika hilohilo likarudia kuhusu uzazi: kuwanyoa wajawazito kama desturi kabla ya kujifungua hakupendekezwi.

Wala hii si elimu ya juzi. Tangu 1922 madaktari wa Marekani walijaribu kutowanyoa wanawake waliokuja kujifungua, na hawakuona faida yoyote kwa walionyolewa. Mwaka 1980, huko Calgary, Kanada, Cruse na Foord walichapisha matokeo ya miaka 10 ya kufuatilia vidonda zaidi ya 60,000 vya upasuaji. Walionyolewa kwa wembe walipata maambukizi zaidi ya wawili katika kila 100. Ambao nywele zao hazikuguswa hawakufikia hata mmoja. Zaidi ya miaka 40 imepita. Tunangoja nini?

Sababu yenyewe yaeleweka na kila mtu. Wembe ukipita juu ya ngozi huacha mikwaruzo midogo ambayo jicho haliioni. Vijidudu vilivyokuwa vimetulia juu ya ngozi huingia humo na kuzaana. Mgonjwa akinyolewa jioni ili apasuliwe asubuhi, vimepewa usiku mzima. Ongeza joto la Garissa, jasho lisilokauka kinenani na vumbi linaloingia kila dirisha, halafu ushangae mshono ukitunga usaha siku ya tano! Na wembe huo ukipita kwa mgonjwa wa pili, hatari inakuwa ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Ngozi ni nusu tu ya madhara. Nusu ya pili ni heshima. Muuguzi ametoka Meru au Kisumu, mama mgonjwa ametoka kijiji cha wafugaji na anajua Kisomali pekee. Mkalimani ni nani? Ni mwanawe wa kiume wa miaka 16, amesimama kando ya kitanda. Anaambiwa: "Muulize mama kama amejinyoa huko chini." Kijana anainamisha kichwa. Mama anavuta shela hadi machoni. Hakuna jibu, na muuguzi anaandika kwamba mgonjwa hashirikiani. Hilo ni tusi, na limetendwa na mfumo usiomwajiri mkalimani wa kike.

Eneo hili lina jeraha jingine tunalolijua sote. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba karibu wanawake wote wa Kaskazini Mashariki walikeketwa, na baadhi yao walishonwa. Mwanamke ambaye wembe ulimkata mahali hapo akiwa mtoto, akishikiliwa miguu, leo amelala kitandani na uchungu wa uzazi, na mtu asiyemjua anamkaribia na wembe kama ule. Kisha tunauliza kwa nini akina mama wanakimbilia kujifungulia nyumbani! Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yaliweka vifo vya akina mama Mandera kuwa 3,795 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Katika eneo lenye hesabu kama hiyo, kila kinachomtisha mama asije hospitali ni suala la uhai.

Nimesikia utetezi wa dini: Uislamu wenyewe unaagiza nywele za kinena na kwapa ziondolewe, na zisipite siku 40. Kweli kabisa. Lakini hiyo ni ibada ya mtu mwenyewe, nyumbani kwake, kwa mkono wake. Haimpi mgeni ruhusa ya kumfunua. Mafakihi wanafundisha kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri ya dharura hiyo tu. Basi ikiwa tiba yenyewe imesema kunyoa hakuhitajiki, dharura iko wapi?

Sunna hiyo ya usafi wa mwili yapaswa kuwaamsha wauguzi kwa upande mwingine. Mzee aliyepooza amelala miezi miwili. Ndevu zake, alizokuwa akizipaka hina na kuzichana kila Ijumaa, zimeshikana uji na jasho. Kucha zimempinda, kwapa linamwasha. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, mpaka siku moja mtu anazikata ndevu zote ili kumlisha kuwe rahisi. Mgonjwa huyo alistahili kuoshwa ndevu, kuchanwa, na kuulizwa: "Mzee, tukusaidie vipi?" Kumtunza asiyejiweza ni pamoja na nywele zake, kwa namna anayoitaka yeye.

Wapo watakaosema plasta ya dripu haishiki kwenye mkono wenye malaika mengi, au kwamba mpasuaji hawezi kuona vizuri. Sawa. Punguza kwa mashine, mahali hapo tu, muda mfupi kabla ya kazi, kwa kichwa cha mashine kisichotumiwa kwa mwingine. Kama ni fedha, kila mtaa wa Garissa una kinyozi mwenye mashine. Kaunti inayojenga majengo ya hospitali haishindwi kununua chache, na kidonda kimoja kilichooza hugharimu dawa, bandeji na kitanda kwa wiki nzima.

Ibara ya 28 ya Katiba ya Kenya inalinda heshima ya kila mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kuhudumiwa. Kwa hiyo nadai haya kwa mawaziri wa afya wa kaunti zote tatu. Pigeni marufuku wembe wa kumnyolea mgonjwa, kwa waraka wenye sahihi. Nunueni mashine. Ajirini wakalimani wa kike katika wodi za wazazi. Kliniki za wajawazito ziwaambie akina mama mapema wasijinyoe kwa wembe tarehe ya upasuaji inapokaribia, na masheikh walirudie hilo msikitini. Vyuo vya uuguzi vifute somo la zamani la kumnyoa mgonjwa. Na wewe ndugu wa mgonjwa, ukiambiwa kesho ukanunue wembe dukani, kataa, na udai kumwona msimamizi wa wodi.