Kijana, baruapepe iliyo kwenye CV yako inaenda kwa nani?

Ukishuka Bondeni siku ya kazi, hukosi kupita saiba ambamo vijana wamepanga foleni wakingoja kuandikiwa CV. Mambo huenda hivi: mhudumu anafungua faili ya mteja wa jana, anafuta jina, anaandika lako, anabadilisha nambari ya simu, shule na baruapepe. Muda si muda, umemaliza. Unalipa, unaenda zako.

Shida imejificha kwenye yale maandishi ya buluu yenye mstari chini. Hicho ni kiungo, au linki kama tunavyosema mtaani, na kina sehemu mbili: maneno unayoyaona, na anwani iliyo nyuma yake. Ukiandika maneno mapya juu ya ya zamani kwenye Word, anwani ya nyuma inaweza kubaki ileile. Basi CV inaonyesha baruapepe yako, lakini bosi akiibofya akuite kwa mahojiano, ujumbe unaelekezwa kwa mteja wa jana. Wewe uko nyumbani unalaumu ukabila na ufisadi (ambavyo vipo, hatukatai), kumbe jibu lako liko kwa mtu usiyemjua. Ukigeuza faili iwe PDF, kosa linasafiri nayo.

Enzi za bahasha ya kaki, kosa hili halikumuumiza mtu. Karatasi haibofywi. Siku hizi maombi mengi yanaenda kwa baruapepe, na Nakuru yenyewe ni jiji tangu Desemba 2021, lakini CV zetu bado tunaziandika kama za kuprinti.

Dawa haihitaji kozi. Weka kasa kwenye kiungo, bonyeza Ctrl na K pamoja. Kijisanduku kitafunguka: juu kuna maneno yanayoonekana, chini kuna anwani. Ya baruapepe huanza na "mailto:". Rekebisha hapo chini pia. Kama hutaki kiungo kabisa, kiondoe kupitia kijisanduku hichohicho, maneno yatabaki.

Na wewe unayepiga picha, unayeshona au kuchora, halafu unaweka linki ya kazi zako za Google Drive: umefungulia watu mlango? Usiporuhusu yeyote mwenye kiungo aone, mwajiri atakutana na ombi la kuomba ruhusa. Mwenye CV mia mbili mezani hatakuomba ruhusa, bro.

Wenye saiba nao tunawaambia wazi: kutumia CV ya mteja mmoja kama kielelezo cha mwingine si uungwana, maana mna nambari zake za simu, wadhamini wake na kitambulisho chake. Wekeni faili tupu. Walimu wa Ajira Digital, mpango ulioanza 2016 kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, wanaweza kulimaliza somo hili kwa robo saa.

Ujuzi huohuo wa kutazama nyuma ya maneno ndio utakaokuokoa na matapeli. Baruapepe inakuja, imeandikwa kwa buluu kra.go.ke, inadai una pesa za kurudishiwa. Maneno hayo mtu yeyote anaweza kuyaandika. Kwenye kompyuta, pitisha kasa juu yake bila kubofya. Kwenye simu, kandamiza kidole mpaka anwani halisi ijitokeze. Tazama kinachotangulia mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti: tovuti ya serikali huishia na .go.ke hapo. Ikiwa baada ya .go.ke kuna nukta na jina jingine, hao si KRA. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inawaadhibu watu hao, ila pesa zako zitakuwa zimeshakwenda.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kutuma ombi lingine, jitumie CV yako. Ifungue kwa simu ya rafiki, si yako, kisha ubofye kila kitu cha buluu.