Mjumbe Si Mfungwa wa Ukumbi

Mwandishi mmoja wa safu amedai kuwa mjumbe wa mkutano anayetoka kutembea anaiba muda wa mwajiri, na kwamba mjini Arusha hakuna cha kuona kwa saa mbili kwa sababu vivutio vyote viko mbugani.

Muda gani ulioibwa? Ratiba yenyewe imeandika mapumziko. Mwenye kikao arudi ukumbini, hapo hatubishani.

Labda atajibu kwamba mapumziko ni ya kufahamiana. Watu hufahamiana zaidi wakitembea pamoja kuliko kwenye foleni ya chai, kila mmoja akisoma kitambulisho kinachoning'inia kifuani mwa mwenzake.

Lakini hili la "hakuna cha kuona" ni uvivu mtupu. Toka kwa miguu AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha. Dakika chache tu umefika Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Karibu na Mnara wa Mwenge yapo makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967. Na AICC kwenyewe, wanakonywea chai wajumbe, ndiko ilikoketi mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Septemba 1998 ilimhukumu Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, kifungo cha maisha. Unapitaje kwenye korido hizo siku tatu bila kuuliza, kisha ukaandika kwamba mji hauna kitu?

Ukienda mkutanoni Arusha, beba viatu vya kutembelea.